Jinsi ya Kumpendekezea Rafiki Dokumentari Mpaka Aitazame Kweli

Swali hili nimeulizwa mara nyingi hadi nimeona niliandikie lote kwa mpigo: "Nimewaambia rafiki zangu wote kuhusu ile dokumentari. Wamesema sawa, tutaicheki. Mpaka leo hakuna aliyeifungua. Nakosea wapi?"

Wanaouliza hawana upungufu wa maneno. Wanasifu vizuri kabisa, na kosa liko hapohapo. Rafiki akisikia "ni kali sana, lazima uione," amepata habari moja tu, kwamba wewe umeipenda. Hajui inahusu nini, ataipata wapi, itamla muda na bando kiasi gani, wala kama itamharibia Jumapili kwa huzuni. Anakujibu kwa adabu, kisha anafungua kitu anachokijua.

Mwongozo huu una hatua nane. Nitatumia filamu moja kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho: When We Were Kings ya Leon Gast, iliyotoka mwaka 1996. Inahusu pambano la ndondi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, lililopigwa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Nimeichagua kwa sababu ina karibu kila mtego. Ni ya zamani, sehemu kubwa ni Kiingereza, na asiyependa ndondi huikimbia akisikia tu jina la mchezo. Halafu matokeo yake baadhi ya watu wanayajua tangu utotoni na wengine hawana habari. Nani alishinda, sitaandika humu. Sababu iko Hatua ya 4.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Dokumentari moja uliyoitazama mwenyewe hadi mwisho. Uliyoonjeshwa kwa klipu haihesabiki.
- Mtu mmoja unayemfahamu vya kutosha kujua anacheka nini na anachukia nini.
- Taarifa nne zilizoandikwa: jina kamili la filamu kama lilivyo, mwaka, urefu, na lugha inayosikika zaidi.
- Mahali halali inapopatikana katika nchi anayoishi huyo rafiki, si unayoishi wewe.
- Makadirio ya bando.
- Siku kumi na nne za subira. Hiki ndicho kifaa ambacho wengi hawana.

Hatua ya 1: Kaa siku tatu, uone kilichobaki

Usimwambie mtu yeyote usiku uleule uliomaliza kuitazama. Ukiwa bado wa moto, kila kitu ndani ya filamu kinaonekana muhimu, na ukianza kusimulia utasimulia vyote. Msikilizaji atachoka kabla hujafika katikati.

Baada ya siku tatu, kaa chini uandike tukio moja ambalo linakurudia bila kuliita. Liwe tukio linaloonekana kwa macho. "Inaonyesha ukoloni ulivyoharibu watu" ni maoni, weka pembeni. Unataka kitu kama hiki: Foreman yuko mazoezini anapiga gunia. Mtu mzima amelikumbatia kwa nyuma ili lisiyumbe, na bado kila ngumi inamtikisa. Foreman anapoacha, gunia limebonyea. Wakati huo ana miaka 25, amepigana mara 40 bila kushindwa, na 37 kati ya hizo amemaliza kwa nokauti. Ali ana miaka 32. Watu wa kambi ya Ali mwenyewe wanaogopa kwamba anaweza kufia ulingoni.

Kwa nini tukio moja? Kwa sababu ndilo litakalobaki kichwani mwa rafiki yako pia, kuanzia unapomwambia hadi anapopata nafasi ya kutazama. Sifa husahaulika njiani.

Tahadhari: kama baada ya siku tatu huna tukio lolote, huna filamu ya kupendekeza. Ulifurahia jioni yako, basi, inatosha. Tafuta nyingine.

Umefaulu ukiweza kulisimulia tukio hilo kwa nusu dakika bila kutumia neno "kali", "noma" wala "balaa".

Hatua ya 2: Chagua mtu, achana na kundi

Ukitupa pendekezo kwenye kundi la WhatsApp la watu sitini, kila mmoja anadhani wewe unaongea na wale wengine hamsini na tisa. Utapata dole gumba nne na "asante kaka". Dole gumba si tiketi.

Mchague mmoja, kisha tafuta kamba inayomfunga yeye na filamu. Watu wengi hukwama hapa kwa sababu wanaanza na mada ya filamu: hii ni ya ndondi, basi nimtafute mpenda ndondi. Anza na mtu. Filamu nzuri ina milango mingi, na mlango wa mbele si lazima uwe wa kila mgeni.

Chukua mfano wetu. Shemeji anayeshinda gym hana shida, mpe gunia lililobonyea. Lakini mama mdogo ambaye hawezi kuona damu hata ya kuku? Humo ndani yumo Miriam Makeba, yule yule wa Malaika, na yumo B.B. King na James Brown, kwa sababu pambano liliambatana na tamasha kubwa la muziki mjini Kinshasa. Kijana anayehangaika na biashara mpe mlango wa Don King, mwandaaji wa pambano: aliwaahidi mabondia dola milioni 5 kila mmoja ilhali fedha hizo hana, na mlipaji akapatikana kuwa Rais Mobutu wa Zaire, Congo ya sasa. Jirani yako aliyekulia Lubumbashi au Bukavu, usimwambie habari za ndondi kabisa. Mwambie Foreman alishuka Kinshasa na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, na watu wakamwangalia yule mbwa wakakumbuka mbwa wa polisi wa Wabelgiji waliowatawala. Hapo hapo atakuuliza, "Alikuja naye kweli?"

Na kama una mzee wa Dar es Salaam, unao mlango ambao filamu yenyewe haina. Mwaka 1980 Ali alikuja Dar akitumwa na Rais Carter wa Marekani, kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kumwona. Wazee wanalikumbuka hilo. Waambie hii ni filamu ya Ali yule, miaka sita kabla ya kuja kwetu.

Kuna watu ambao hawana mlango hata mmoja kwenye filamu yako. Kubali, badilisha filamu badala ya kumlazimisha mtu. Rafiki ambaye mumewe au mkewe amezama kwenye siasa na harakati hadi nyumba inayumba, mpe Softie ya Sam Soko (2020), inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya akigombea ubunge wa Starehe mwaka 2017 huku familia yake ikibeba gharama. Mtu ambaye ukoo wake umegombana juu ya shamba, na mzee akaanza kuitwa mchawi, atajikuta ndani ya The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyopigwa Pwani ya Kenya. Hiyo pia ina faida kwamba watu wanaongea Kiswahili na Kigiriama, na haifiki saa moja na nusu.

Kipimo: malizia sentensi hii bila kusita, "Nimekukumbuka wewe kwa sababu…" Ukisita, rudi mwanzo wa hatua hii.

Hatua ya 3: Kagua mlango kabla ya kumwita mgeni

Mapendekezo mengi hufia hapa, na anayependekeza hajui kamwe. Rafiki alitaka kutazama, akatafuta dakika tano, hakuiona, akaona aibu kukuuliza tena.

Kagua vitu vitatu.

Inapatikana wapi. Haki za filamu hugawanywa kwa nchi. Ya kwako Nairobi inaweza isionekane kwa dada yako aliyeko Muscat au Minneapolis, hata kama mnatumia huduma ileile. Mwombe mtu aliyeko huko aandike jina kwenye kisanduku cha kutafutia akupe jibu. Na usimtumie linki ambayo hukuifungua mwenyewe mpaka katikati. YouTube imejaa video zinazoitwa filamu kamili ambazo ndani ni picha moja iliyoganda na maneno "bonyeza hapa". Rafiki akibonyeza hapo na simu yake ikaingia virusi, hutapendekeza kitu tena katika ukoo huo.

Bando. Kutazama kwa ubora wa kawaida hula kama GB 1 kwa saa, na kwa ubora wa juu hufika GB 3 hivi. Filamu yetu inakaribia saa moja na nusu, kwa hiyo ni kama GB 1.5 ukipunguza ubora, na zaidi ya GB 4 ukiacha simu ijiamulie. Tofauti hiyo kwa mtu anayenunua bando la siku ni mlo. Mwambie wazi ashushe ubora kwanza, au aipakue akiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini.

Lugha. Hapa tunajidanganya sana. "Ina maandishi chini" haimsaidii mtu ambaye maandishi hayo nayo ni Kiingereza, au ambaye macho yake hayasomi tena herufi ndogo. Kama lugha ni kikwazo, usimtumie linki. Ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 7.

Umefaulu ukiwa na mstari mmoja ulioandikwa: jina, mwaka, ipo wapi, dakika ngapi, GB ngapi, lugha gani.

Hatua ya 4: Andika ujumbe

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako. Tuanze na ujumbe ambao haufanyi kazi, ambao nimewahi kuutuma mwenyewe, karibu neno kwa neno:

"Kaka, kuna dokumentari moja ya Muhammad Ali, aisee ni bora kuliko zote nilizowahi kuona, ilishinda Oscar, inaonyesha alivyopigana na Foreman Zaire, itabadilisha unavyoyaona maisha. Icheki lazima!"

Huyo kaka hajaicheki mpaka leo. Tazama kilichomo. "Bora kuliko zote" inampa kazi ya kukubaliana au kubishana na wewe kabla hajaona chochote. "Itabadilisha maisha" inanuka mahubiri. Oscar ni kweli, iliipata mwaka 1997, lakini tuzo inakueleza walichopenda waamuzi. Haikuelezi atakachopenda mtu wa Tabata aliyerudi kazini amechoka. "Lazima" ndiyo mbaya zaidi, maana imegeuza starehe kuwa deni. Na ndani ya maneno yote hayo hakuna picha hata moja.

Ujumbe unaofanya kazi una vipande vinne, kwa mpangilio huu:

1. Kwa nini yeye.
2. Tukio moja, likatwe pale linapozua swali.
3. Mstari wa taarifa kutoka Hatua ya 3.
4. Ruhusa ya kuacha.

Kwa shemeji wa gym inakuwa hivi:

"Shem, jana nimekukumbuka. Kuna jamaa anapiga gunia mpaka linabonyea, na yule aliyelishika nyuma anatikisika kama kapanda bajaji kwenye mashimo. Huyo ndiye Ali anatakiwa apande naye ulingoni, na amemzidi miaka saba. Watu wake wanaona anakwenda kufa. Yeye anacheka. Inaitwa When We Were Kings, ya 1996, Kiingereza, kama saa moja na nusu, GB moja na nusu ukishusha ubora. Ukifika dakika ya ishirini haijakushika, achana nayo, hatutadaiana."

Ona ilipokatwa: yeye anacheka. Kwa nini anacheka? Jibu liko ndani ya filamu. Ukiongeza sentensi moja ya kueleza mbinu aliyokuwa nayo Ali, umemlipa mtu kabla hajafanya kazi.

Kuhusu kumwaga mchele kwenye kuku wengi. Wapendekezaji wa dokumentari wana kisingizio chao: "Si ilishatokea, kila mtu anajua." Si kila mtu. Mpwa wangu wa miaka kumi na tisa alikuwa akidhani Foreman ni jina la jiko la umeme la kuchomea nyama, basi. Alitazama raundi za mwanzo akiwa amesimama. Ningemwambia matokeo ningemnyang'anya kitu ambacho watu wa 1974 walikipata wakiwa macho usiku kucha, maana pambano lenyewe lilianza mnamo saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa ili Wamarekani walione jioni. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: lililotokea kabla ya katikati ya filamu unaweza kulisema, la baada ya hapo funga mdomo, hata kama limo kwenye vitabu vya shule.

Ruhusa ya kuacha, kile kipande cha nne, watu hukidharau. Mtu anaogopa kuanza filamu ya rafiki kwa sababu akiishindwa itabidi adanganye. Ukimfungulia mlango wa kutokea, anaingia bila hofu. Wengi hawautumii.

Kwa wakubwa, andika tofauti. Usimtumie mama mdogo maandishi ya mistari kumi. Mtumie sauti, isizidi sekunde arobaini, na salamu zisirukwe:

"Shikamoo mama mdogo. Habari za hapo nyumbani, mguu unaendeleaje? Mama, nimempata Miriam Makeba yuko Kinshasa mwaka 74, na B.B. King naye yupo na gitaa lake. Ni filamu ya mambo yaliyotokea kweli. Kuna ndondi kidogo ndani, hiyo nitakwambia ufumbe macho wapi. Jumamosi nikija nitakuja nayo, tuitazame wote baada ya chakula."

Hapo hakuna linki wala GB. Mzigo wote umeubeba wewe, kama inavyotakiwa.

Umefaulu ukiusoma ujumbe wako kwa sauti na ukasikika kama unavyoongea siku zote. Ukisikika kama tangazo la redio, futa.

Hatua ya 5: Toa tahadhari mbili, ya moyo na ya ukweli

Ya moyo ni rahisi. Katika dokumentari maiti ni maiti kweli, na kilio si cha mwigizaji. Virunga (2014), kuhusu askari wa hifadhi ya sokwe mashariki ya Congo, ina milio ya risasi na watu wanaokimbia makwao. Mtu aliyewahi kukimbia Goma ana haki ya kujua hilo kabla ya kubonyeza. Taja jambo lenyewe kwa neno moja au mawili, vita, msiba, ukatili kwa watoto, bila kusimulia.

Ya ukweli inahitaji ujasiri zaidi. Kila dokumentari ni mtu kachagua aweke nini na akate nini. Kama unajua kuna ubishi juu ya filamu, sema mapema. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ilipigwa Mwanza kuhusu biashara ya sangara, minofu inayosafirishwa Ulaya na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanayobaki kwa wenyeji, na ikagusia ndege za mizigo na silaha. Nje ilisifiwa na kufika hadi kwenye orodha ya kuwania Oscar. Nyumbani Rais Kikwete aliikosoa hadharani mwaka 2006, na wapo wavuvi na wafanyabiashara wa Mwanza waliohisi wamechafuliwa. Sasa mtu wa Stuttgart na mtu wa Kirumba, Mwanza, hawawezi kupewa ujumbe uleule. Mtu wa Kirumba namwambia hivi: "Inahusu kwenu, ilileta ugomvi mkubwa, nataka nisikie wewe unaionaje." Hiyo inamfanya awe mwamuzi, na ni nafasi anayostahili, maana ziwa analijua kuliko mimi.

Ukificha ubishi, rafiki ataugundua mwenyewe kwa dakika mbili za kutafuta, na safari nyingine atakuona wewe ndiye umedanganywa.

Hatua ya 6: Tuma kwa saa yake, kisha nyamaza

Ijumaa jioni ni bora kuliko Jumatatu asubuhi. Mwisho wa mwezi bando lipo. Usitume siku ya mechi kubwa. Mfungo wa Ramadhani una saa zake, na mtu wa daku hana nafasi ya filamu ya saa moja na nusu.

Ukishatuma, usiulize kwa siku saba. "Umeiona?" ikirudiwa mara tatu inakuwa kama kudai pesa ya mchango. Siku ya nane unaruhusiwa kumgusa mara moja tu, na kwa mlango mwingine. Kama ulianza na gunia, sasa mtumie yule mbwa. Siku ya kumi na nne ikipita, funga faili. Urafiki una kazi nyingine za kufanya.

Hatua ya 7: Inapobidi, tazameni pamoja

Kwa mzee, kwa mtu wa lugha nyingine, au kwa dokumentari nzito ambayo hutaki mtu abaki nayo peke yake usiku, hii ndiyo njia. Unahitaji skrini inayozidi simu, spika ya nje (sauti ya laptopu haitoshi watu watatu na feni), chaji ya kutosha kama umeme ni wa mashaka, na filamu iwe imeshapakuliwa kabla hujafika.

Kama utatafsiri, jifunze kwa wale jamaa wanaotafsiri filamu kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani. Hawatafsiri kila neno. Wanasubiri sentensi iishe, wanatoa kiini, wananyamaza picha iongee. Itazame mara ya pili peke yako kabla, uandike sehemu tano au sita ambazo bila tafsiri mtu anapotea, ujiandae kwa hizo tu. Kwenye filamu yetu kuna moja ya bure: umati unapopiga kelele "Ali, bomaye!" Hicho ni Kilingala, "Ali, muue." Mwambie mara moja, mwache. Baada ya dakika kumi ataanza kuimba mwenyewe.

Mambo matatu usifanye: usiseme "subiri, hapa hapa, angalia hapa", usimtazame usoni kuona kama analia, na usitoe simu yako. Ya tatu inaonekana ndogo, lakini mgeni akikuona unachati anaelewa kwamba hata wewe imekuchosha.

Nyumbani na marafiki hakuna neno. Ukitaka kukodi ukumbi na kutoza kiingilio, hiyo ni kazi nyingine kabisa: unahitaji ruhusa ya mwenye filamu, na utaratibu wa Bodi ya Filamu kwa Tanzania au KFCB, bodi ya kuainisha filamu, kwa Kenya.

Majibu utakayopata, na la kufanya

"Nimeianza, nikalala." Uliza alifikia wapi. Kama ni dakika kumi za kwanza, uchovu ndio ulioshinda, mwache ajaribu siku nyingine. Kama ni katikati, mlango ulikuwa wa uongo, yaani ulimwahidi kitu ambacho filamu haina kwa wingi. Mama mdogo ukimwambia ni filamu ya Makeba, atalala, na atakuwa na haki.

"Sijaipenda." Hili ni jibu zuri, maana ameitazama. Usiitetee filamu. Muulize ni wapi hasa, na uandike, kwa sababu sasa unajua ladha yake kuliko juzi, na pendekezo lako lijalo litalenga.

"Ni nzuri." Tu. Huyu hajaitazama. Usimbane.

Hatua ya 8: Baada ya kutazama, uliza swali moja na utoe ziada moja

Kosa la mwisho ni kumrukia mtu na mhadhara. Amemaliza kutazama, ana la kwake kichwani, wewe unamwaga ya kwako. Uliza swali moja lisilo na jibu sahihi. Kwa filamu hii mimi huuliza, "Wewe ungekuwa kona ya nani?" Kisha nakaa kimya. Ukimya wa nusu dakika unauma, uvumilie.

Halafu toa ziada, kitu ambacho hakimo ndani ya filamu. Hiki ndicho kinachomfanya yeye naye akaipendekeze kwa mwingine, kwa sababu sasa ana siri ya kugawa. Kila dokumentari inayo. Itafute mapema uiweke akiba, na hakikisha ni kweli kabla ya kuisema.

Ziada ya When We Were Kings ninazo mbili. Ya kwanza, Gast alipiga picha zake 1974 lakini kesi na ukata vikamkwamisha miaka 22 kabla ya filamu kutoka. Ya pili huwa naibakiza kwa yule ambaye, filamu ikishaisha, anabaki amekaa anatazama majina yakipanda na kuuliza, "Baada ya hapo ikawaje kati yao?" Naye namtafutia klipu ya usiku wa Oscar wa mwaka 1997. Filamu inatajwa kuwa mshindi, na Ali na Foreman wote wamo ukumbini. Ali tayari ana ugonjwa wa Parkinson, mwili unamtetemeka. Wanaelekea jukwaani, wanafika kwenye ngazi, na Foreman ndiye anayempa mkono apande.